Kupiga, Kupika

Jino la Twagirayezu lilitoka Jumamosi asubuhi, wakati Nyirabagenzi anachambua maharage mlangoni kwake Mururu. Alikuwa ameweka ungo juu ya mapaja, mawe anayatupa nje, maharage yaliyotobolewa anayaweka kando kwa ajili ya kuku. Twagirayezu, jirani wa nyumba ya chini, alikuwa amekuja kuazima jembe, akakaa kwanza kwenye benchi apumzike. Nyuma ya nyumba, Uwingabire, mjukuu wa kike wa Nyirabagenzi, alimaliza kukaza waya wa mwisho wa gitaa lake kwa koleo, akalipiga mara moja, kwa nguvu. Twagirayezu akaanguka kutoka kwenye benchi. Alipoinuka alikuwa na jino kiganjani na damu kidevuni.

“Nani amenipiga?” aliuliza.

Nyirabagenzi alitazama uani. Hapakuwa na mtu.

“Hakuna muntu, Papa. Ni mutoto anapiga gitaa.”

“Aa,” alisema Twagirayezu.

Nyirabagenzi aliingia ndani akamletea maji ya chumvi asukutue. Mke wa Twagirayezu alikuwa amekosa jino hilohilo, la juu upande wa kushoto, tangu Pasaka. Nyirabagenzi aliliona hilo, na Twagirayezu aliliona pia, kwa maana alilifunga jino katika kipande cha jani la mgomba, akalitia mfukoni, akaenda zake bila kuaga. Alisahau jembe. Nyirabagenzi alimpelekea kesho yake, maana shamba haliwezi kungoja mdomo upone.

Uwingabire alizaliwa Bukavu, mtaa wa Kadutu, kama kaka yake Tuyishimire, na wote wawili walilelewa na bibi yao baada ya mama yao kufa. Baada ya mauaji ya mwaka wa tisini na nne walivuka daraja la Rusizi wakiwa na godoro, masufuria na Kiswahili chao. Watu waliita safari hiyo kurudi nyumbani, ingawa watoto hao walikuwa hawajawahi kufika. Huko Mururu, upande wa Rwanda, walipewa nyumba yenye matundu ya risasi ukutani. Nyirabagenzi aliyaziba kwa udongo, moja moja, na mvua ilipoyafungua aliyaziba tena. Ukisimama penye jiko lake ulikuwa unaona mto kule bondeni, na ng'ambo ya mto mabati ya Bukavu, na vita ilipokuwa ng'ambo uliona moshi wake pia.

Muziki ulimjia Uwingabire ndani ya koti. Tuyishimire alimnunulia koti hilo soko la Kamembe, siku walipofungua robota la nguo za mitumba zilizotoka Ulaya. Lilikuwa la ngozi nyeusi, lenye pini nyingi kifuani kama lililoshonwa na mtu mwenye haraka. Juma lililofuata Tuyishimire hakuwepo tena nyumbani, na dada yake, akilala na koti hilo kwa sababu ya baridi na kwa sababu nyingine, alisikia kitu kigumu ndani ya bitana. Kilikuwa kaseti. Waliisikiliza kwenye redio ya betri. Wanaume walipiga kelele kwa lugha ambayo hata padri hakuijua, na nyuma yao magitaa yalikuwa kama msumeno.

“Hawa bantu banaumwa wapi?” aliuliza Nyirabagenzi.

“Habaumwe, Koko. Banaimba,” Uwingabire alimjibu bibi yake.

“Basi muntu abapatie maji.”

Uwingabire alisikiliza kaseti ile mpaka betri zikafa. Kisha alinyoa nywele za pande zote mbili za kichwa akaacha ukanda wa katikati, akaenda mtoni. Mto ulikuwa umeacha sanduku la risasi katika matete, tupu, la mbao nzuri. Kwa mbao hizo alitengeneza gitaa. Nyaya zilikuwa kebo za breki za baiskeli. Spika alipewa na fundi redio wa Kamembe, ambaye hakuombwa. Alimwona tu akiitazama.

Tuyishimire alichukuliwa na Protais, na jambo hilo lilijulikana kilima kizima. Vita ya pili ya Kongo ilikuwa imeanza, na wenye bunduki walihitaji watu wa kubeba masanduku msituni. Protais alikuwa kapita, msimamizi wa wabebaji. Alikuwa na lori, shati jeupe na sauti ya upole. Aliwaambia vijana wa Mururu kwamba wanakwenda Bugarama kupakia mchele. Pale njia panda, lori halikuteremka kuelekea Bugarama. Lilikwenda mpakani, likavuka daraja, na waliojaribu kuruka walivunjwa magoti kwa vitako vya bunduki, wakarudishwa juu ya lori na magoti yao.

Baadaye Protais alikuja kwa Nyirabagenzi na kibuyu cha maziwa. Alisema Tuyishimire amebaki kule, anafanya kazi. Tangu siku hiyo hakukosa kuleta maziwa kila Jumapili, na yalikuwa maziwa mazuri, yasiyotiwa maji. Nyirabagenzi aliyapokea. Alikuwa anaona kwamba kibuyu kilikuwa kimeoshwa kwa moshi wa mti wenye harufu njema, na kwamba Béata, mke wa Protais, ndiye aliyekuwa ameamka mapema kukiosha.

Habari ya kweli ililetwa na Dominique, kijana mwembamba wa Bugarama aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha saruji. Alirudi kutoka ng'ambo kwa miguu, bila kucha za vidole vya mguuni. Alikuwa mbele ya Tuyishimire katika mstari wa wabebaji. Alisema kwamba mahali fulani porini, mvua ikinyesha, Tuyishimire alitua sanduku lake chini akasema, “Sibebi.” Kapita alimwambia alibebe. Akasema tena, “Sibebi.” Ndipo Protais alipochukua mpini wa jembe. Dominique alisikia mapigo yote, kwa sababu walikatazwa kugeuka lakini hawakukatazwa kusikia. Kisha mstari ukaendelea.

“Alikufa?” aliuliza Nyirabagenzi.

“Sijue, Koko. Sikugeuka.”

“Ni fasi gani?”

“Miti tu. Protais njo alijua njia.”

Nyirabagenzi alimpakulia ugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, akamkandia miguu kwa maji ya moto. Dominique hakuondoka tena. Aligeuza pipa la saruji likawa ngoma, na yeye na Uwingabire wakaanza kundi, wakaliita Sibebi.

Kwa hiyo jino la Twagirayezu lilipotoka, hakuna aliyehitaji kuelezwa sana. Ilikuwa dhahiri kwamba Uwingabire akipiga gitaa, aliyewahi kumpiga mtu asiyeweza kurudisha alipigwa vilevile, mahali palepale na kwa kitu kilekile. Mama aliyemfinya mtoto alifinywa. Mwalimu aliyezoea kuchapa vidole kwa rula aliingiza mikono yake kwapani kila aliposikia spika ikikohoa. Nyirabagenzi alikaa na bakuli la chumvi karibu na mlango, na matambara safi.

Walifanya onyesho lao la kwanza katika baa moja ya Kamembe, Jumapili mchana. Wimbo haukuzidi muda wa kunywa glasi ya maji. Uwingabire aliimba kwa koo lote, akiruka katika viatu vya askari vilivyompwaya, na watu wakaanza kuanguka. Mwanamume mmoja aliyekaa karibu na dirisha alipasuka nyusi. Mwingine alikunjika juu ya meza kama aliyekanyagwa tumboni, akatapika damu juu ya mishikaki yake. Katika wimbo wa tatu, mwenye bunduki mmoja aliyekuwa likizoni, kijana mpole wa uso, alisimama ghafla, taya lake likaenda upande, kisha fuvu lake likabonyea nyuma kwa umbo la kitako cha bunduki, akafa. Alichokuwa amekifanya huko alikotoka kilikuwa kikubwa kiasi hicho. Walimfunika kwa kitambaa cha meza. Wanawake waliokuwa wamesimama nje waliingia wakakaa viti vya mbele, ambavyo sasa vilikuwa wazi.

Baada ya hapo kundi liliitwa huku na huku. Bugarama walipiga penye mashine ya kukoboa mchele, katika joto na vumbi la pumba, mbele ya wakulima Wakatoliki na Waislamu waliokuwa wametoka mashambani na matope miguuni. Mnyapara wa pale, aliyezoea kutumia waya wa umeme, alifunguka mgongo kuanzia shingoni hadi kiunoni. Wakulima walimwagia maji na kumpeleka kivulini, kisha wakaomba wimbo urudiwe. Askari wawili wa serikali ya komini walitumwa kumkamata Uwingabire. Alipiga gitaa, na wa kwanza akavunjika mtulinga. Wa pili alikuwa hajawahi kumpiga mtu yeyote. Alisimama katikati ya kelele zile akitabasamu, kofia mkononi, na mwezi uliofuata alihamishwa.

Walirekodi kaseti. Kipigo cha kaseti kilikuwa hafifu, kama cha mtoto aliyekasirika, lakini wachuuzi waliivusha hadi Bukavu ndani ya mafungu ya vitenge, na ilisemekana kwamba kule kuna mkubwa mmoja aliyeanguka na kiti chake mara mbili katika wimbo mmoja.

Uwingabire hakuyajali hayo. Yeye alikuwa na wimbo mmoja aliouweka kwa ajili ya mtu mmoja. Jina lake lilikuwa “Mpini”. Nyirabagenzi alijua maana ya wimbo huo, na alikuwa na hofu nao. Kama Tuyishimire alikufa chini ya mpini ule, basi Protais naye angekufa, na hapo wangejua. Kama Protais angebaki hai, basi mtoto alibaki hai, na Protais angeweza kusema ni wapi. Nyirabagenzi hakuwahi kuomba Mungu amhifadhi mtu kama alivyoomba amhifadhi Protais.

Protais alikuja kwenye onyesho lingine la Kamembe kwa hiari yake. Alikaa mbele na chupa ya fanta, shati jeupe limepigwa pasi. Uwingabire alimgeukia akapiga “Mpini” kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha mara ya pili, kisha mara ya tatu, mpaka ngozi ya vidole ikabaki kwenye kebo. Kulia kwa Protais mtu alivunjika pua. Nyuma yake mtu alilia akiita mama yake. Protais alitikisa mguu kufuata mdundo. Wimbo ulipokwisha alipiga makofi, akaondoka akiruka damu sakafuni ili asichafue viatu.

Walirudi Mururu. Uwingabire alikaa jikoni, mikono ndani ya beseni la maji, na maji yakawa mekundu.

“Labda hakumupiga,” alisema Nyirabagenzi.

“Alimupiga,” alisema Dominique. “Nilisikia.”

“Sasa juu ya nini haikumushika?”

Dominique alikuwa anakaza ngozi ya pipa. Aliacha, akafikiri.

“Huyu hasikie Kiswahili,” alisema.

Ilikuwa kweli. Protais hakukulia ng'ambo kama wao. Alikulia ndani ya nchi, na hakujua ila Kinyarwanda na Kifaransa cha shule. Katika Kinyarwanda gitaa lina neno lake, *gucuranga*, na mtu ana neno lake, *gukubita*, na maneno hayo mawili hayajawahi kukutana. Ni Kiswahili tu kinachopiga gitaa na kupiga mtu kwa neno moja. Protais alikuwa amekaa mbele ya watu wanaocheza muziki, basi.

“Wote balioanguka ni bantu ba Kongo, ao banajua luga,” alisema Uwingabire polepole. “Twagirayezu alikomalia Kalehe, kule Kongo.”

Nyirabagenzi alimfunga vidole kimoja kimoja kwa tambara.

“Basi afundishwe,” alisema.

Haikuwa vigumu. Protais alikuwa akitumia mkalimani ng'ambo, na alikuwa amechoka naye. Jumapili alipoleta maziwa, Nyirabagenzi alimwambia kwamba mtu mwenye shughuli zake angefaa kujua lugha ya watu. Protais alivua kofia.

“Utanisaidia, mukecuru?” aliuliza kwa Kinyarwanda, kwa neno la kumheshimu bikizee. “Mimi kichwa changu ni kigumu.”

“Keti hapa, Papa Protais,” alisema Nyirabagenzi.

Alikaa kwenye benchi aliloangukia Twagirayezu. Neno la kwanza alilomfundisha lilikuwa “tafadhali”, kwa sababu Nyirabagenzi aliona kwamba mtu yeyote, hata awe nani, aanze na hilo. Lilimpa shida. Alisema “tafazari”, kisha “tafarazi”, akacheka mwenyewe, na Nyirabagenzi akacheka pia, kisha akaingia ndani akakaa kidogo gizani kabla ya kurudi. Akamfundisha “pole pole”. Akamfundisha “aksanti”. Yeye mwenyewe aliomba “panda”, “shuka”, “mzigo” na “beba”. Nyirabagenzi alimpa.

Alikuwa mwanafunzi mzuri. Hakukosa hata Jumapili moja. Siku aliyokuta Nyirabagenzi ana homa, alimkatia kuni, akazipanga ukutani chini ya upenu zisilowe, na akarudia masomo yake peke yake akipanga: kuni, moto, maji, mtoto. Uwingabire alimtazama kupitia ufa wa mlango.

“Nichukue panga, Koko?”

“Kaa. Hajafika ku *piga*.”

Kosa lilitokea walipofika. Nyirabagenzi alimfundisha kwamba mjukuu wake anapiga gitaa, na Protais akarudia bila shida, “Mujukuu anapika gitaa.” Nyirabagenzi, ambaye masikio yake hayakuwa tena kama zamani, hakusikia tofauti. Aliwaambia vijana kwamba yuko tayari. Jumamosi ile walisimamisha pipa na spika uani, watu wakaja, Protais akakaa mbele na mkewe Béata. Uwingabire akapiga “Mpini”.

Shati la Protais lilianza kutoa mvuke. Jasho lilimtoka usoni, likiwa na harufu ya vitunguu vilivyokaangwa, kisha harufu ya nyanya. Masikio yake yakawa mekundu na kuiva pembeni. Béata alimpepea kwa kitambaa. Majirani waliokaa karibu walisogea kidogo kwa adabu, maana walikuwa hawajala.

Wimbo ulipokwisha Nyirabagenzi alimkaribia, akamwinamia.

“Sema tena, Papa Protais. Mujukuu yangu anafanya nini?”

“Anapika gitaa.”

“Apana kupika. Kupika ni sombe, ni ugali. Kupiga. *Ga.*”

“Kupi-ka.”

“Ga. Kama vile muntu anapiga muntu.”

“Aa,” alisema Protais. “*Gukubita.*”

“Njo vile.”

Protais alijipangusa shingo. Alimtazama Uwingabire aliyekuwa amesimama na gitaa lake la mbao za sanduku la risasi, kisha akaitazama ngoma, kisha mikono yake mwenyewe.

“Na kwa gitaa ni neno hilohilo?” aliuliza kwa Kinyarwanda.

“Hilohilo.”

“Ni lugha ngumu,” alisema.

Alielewa. Béata pia alielewa, kwa maana Jumamosi iliyofuata alikuja na matambara yaliyofuliwa na chupa ya dawa ya kidonda, akayaweka karibu na bakuli la chumvi bila kuulizwa. Protais angeweza kubaki nyumbani. Lakini alikuwa ameahidi kuja, na hakuwa mtu wa kuvunja ahadi za namna hiyo. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Nyirabagenzi alitandika mkeka mahali alipofikiri Protais ataangukia.

“Piga pole pole,” alimwambia Uwingabire.

“Muziki ya panki haipigwe pole pole, Koko.”

Dominique alifumba macho, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na mapigo yale masikioni, kwa mpangilio wake. Akaanza. Gitaa likafuata.

Pigo la kwanza lilimshika Protais begani, bega likashuka kama mzigo umewekwa juu yake. La pili lilikuwa goti. Alianguka, lakini si juu ya mkeka; alianguka pembeni, matopeni. La mgongo lilitoa sauti ya gunia linalotupwa kutoka kwenye lori. Mtulinga ulivunjika kama muhogo mkavu. Alijikunja, akakinga kichwa, na vidole alivyokingia vikavunjika, kwa hiyo watu wote wa pale uani walijua kwamba Tuyishimire naye alikinga kichwa. Sikio likapasuka. Uwingabire aliimba neno moja tu, sibebi, sibebi, mpaka likawa si neno tena. Mapigo yaliendelea baada ya Protais kuacha kusogea. Wengine uani waligeuza nyuso. Béata hakugeuza. Kisha Dominique akafika mwisho wa alichokisikia siku ile porini, akaacha, na gitaa likaacha.

Mvua tu ilisikika juu ya bati. Protais alikuwa kifudifudi, damu inatoka sikioni na kwenda na maji. Hakuwa anapumua. Nyirabagenzi alipiga magoti kwenye matope, akaweka sikio juu ya mgongo ule uliovunjika, akangoja. Hakuna aliyemharakisha. Alikuwa anamsikiliza mtoto wake ndani ya mwili wa mtu mwingine.

Protais alikohoa.

Nyirabagenzi alimshika kichwa kwa mikono miwili akamgeuza uso juu, akamfuta matope puani, na machozi yake yalimwangukia Protais mdomoni. Tuyishimire hakufa pale. Mpini haukumuua.

“Aksanti,” alimwambia Protais. “Aksanti, mutoto yangu. Sasa useme. Mulimuacha wapi?”

Protais alitafuta maneno. Yalikuwa ni maneno aliyofundishwa na Nyirabagenzi, na aliyatumia yote kwa usahihi.

“Sikumbuke, Koko,” alisema. “Balikuwa bengi.”

“Tuyishimire. Mwenye alitua muzigo.”

“Bengi balitua muzigo.”

“Alikuwa anapumua?”

“Kidogo.”

“Mulimufunika?”

“Apana. Mvua ilikuwa. Tulimuacha mu barabara, tulienda.”

“Barabara ya wapi?”

“Ya pori,” alisema Protais, akafunga macho.

Uwingabire alipiga tena. Protais alitetemeka chini, jeraha juu ya jeraha, lakini jibu lilikuwa lilelile. Alipiga mara nyingine, akibadili mkao wa vidole, kisha akikaza nyaya, kisha akizilegeza. Dominique alielewa anatafuta nini, akamsaidia kwa pipa. Alikuwa anatafuta sauti ya kuacha. Mtu kalala barabarani anapumua kidogo, mvua inanyesha, wenzake wanaondoka: alitafuta pigo la hilo mpaka jioni, watu wamekwisha kwenda kupika, na hakulipata. Gitaa lilijua kupiga. Kuacha ni neno lingine.

Protais alilala wiki kadhaa. Béata alimlisha uji kwa kijiko, na Nyirabagenzi alikwenda kumwona, akachukua na maharage mabichi. Alimkuta ameegemea mto kitandani, uso umetulia.

“Koko,” alisema, “ninalala muzuri sasa. Tangu vita ilianza sikulala. Sasa nafunga macho, naona asubuhi.”

“Ni vizuri,” alisema Nyirabagenzi, kwa maana mgonjwa haambiwi vingine.

Alipopona alikwenda ng'ambo na lori, akarudi. Jumamosi moja alikuja Mururu, akavua koti, akalikunja, akaliweka kwenye benchi, akaomba apigiwe “Mpini”. Uwingabire alimpigia kwa furaha siku ile, na siku zilizofuata pia. Protais alianguka pale pale, safari hii juu ya mkeka, akainuka, akasukutua kwa maji ya chumvi, akashukuru, akaenda kulala. Jumatatu lori lilivuka daraja. Na hakuwa yeye peke yake. Twagirayezu alikuja kutolewa jino la pili, kisha akarudi nyumbani ambako mkewe tayari alikuwa amepoteza la pili. Yule mnyapara wa Bugarama alipanda kilima kwa baiskeli na mgongo wake, akakaa kwenye foleni. Walikuwa wanasalimiana vizuri, wanapishana kwenye benchi. Wengine walianza kuja Ijumaa, kabla hawajafanya kitu, walipie mapema, ili Jumamosi wawe na nafasi ya kupumzika.

Sibebi likawa kundi lenye watu wengi kuliko makundi yote ya mkoa wa Cyangugu. Uwingabire alikonda. Alikuwa akitazama mikono yake na kuuliza inafanya kazi ya nani. Sahani ya Tuyishimire ilikuwa bado inawekwa mezani jioni, imefunikwa, na asubuhi Nyirabagenzi alikuwa anaitoa kwa kuku.

Siku ya mwisho ilikuwa Jumamosi ya kiangazi. Nyirabagenzi alikuwa mlangoni na ungo wake. Lori lilisimama njia panda, chini kidogo ya nyumba, na vijana, wengi wao waliokulia ng'ambo, walikuwa wamekusanyika karibu nalo, wengine na vifurushi vya chakula, kwa sababu walikuwa wameambiwa wanakwenda kupakia mchele. Protais alipanda hadi uani. Aliweka kibuyu cha maziwa kivulini, akavua koti, akalikunja, akakaa.

“Uwingabire iko?”

Uwingabire alitoka na gitaa mkono mmoja na koleo mkono mwingine. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuota pande zote mbili. Alisimama mbele yake, akakata kebo ya kwanza, ikaruka ikamchana shavu. Akakata ya pili. Akazikata zote, na kila moja ililia kidogo ilipokatika, na hakuna aliyeumia ila yeye.

“Leo sipige,” alisema.

“Juu ya nini?” aliuliza Protais.

“Sibebi.”

Protais alifikiri juu ya neno hilo. Alilijua, alikuwa ameliomba mwenyewe, kutoka beba. Alimtazama Nyirabagenzi kama mwanafunzi anayetaka kusahihishwa, lakini Nyirabagenzi hakuinua macho kutoka kwenye maharage. Basi akaliokota koti, akalikung'uta, akalivaa. Alimwambia Nyirabagenzi kwamba maziwa ni ya asubuhi, ayanywe kabla ya jua. Alimshukuru kwa yote. Aliteremka taratibu, akichechemea kidogo kwa goti lile.

Dominique alitoka nyuma ya nyumba akasimama karibu na Uwingabire. Akamwita mmoja wa vijana wale kwa jina, kwa sauti kubwa, akamwambia hakuna mchele. Kijana alipunga mkono, akidhani anasalimiwa.

Nyirabagenzi alisikia injini ikiwaka. Alisikia pia sauti ya Protais, ya upole, ikisema na vijana kwa Kiswahili, bila mkalimani. Hakikuwa na kosa. Aliwaambia wapande, pole pole wasiumie, na akasema tafadhali, kama alivyofundishwa.